Injini Inapomisi: Chunguza Kwanza, Nunua Baadaye

Gari linalopanda kutoka Sangasanga kuelekea Mgeta na Nyandira halina nafasi ya kupoteza nguvu ghafla. Mlima ni mkali, kona ni nyingi, na mara nyingi upande mmoja wa barabara ni bonde. Injini inayokatakata mahali kama hapo humtia dereva na abiria wake hatarini. Hasara ya fedha hufuata baadaye: mwenye gari hubadilisha plagi zote, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na hitilafu inabaki palepale ilhali fedha za mauzo ya kabichi na njegere zimeishia dukani.

Katika somo hili tunamweleza mwenye gari au pikipiki ya petroli jinsi ya kukitafuta chanzo akiwa nyumbani kwa vifaa vichache. Injini za dizeli hazina plagi za cheche, na mabomba yake ya mafuta hubeba mgandamizo mkubwa unaoweza kujeruhi. Hizo ziachwe kwa fundi.

Kumisi ni nini

Kila silinda ya injini ya petroli huhitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, mgandamizo wa kutosha, na cheche. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo haiunguzi mafuta yake, na mafundi husema injini inamisi. Dalili zake ni mtetemo gari likiwa limesimama, kukosa nguvu mlimani, harufu ya petroli kwenye bomba la moshi, na taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi mahali salama. Ikipepesa, punguza mwendo na usimame mapema iwezekanavyo. Petroli isiyoungua inapita kwenye mfumo wa kutolea moshi, na huko inaweza kuunguza kifaa cha kusafishia moshi ambacho bei yake ni kubwa mno kuliko ya plagi.

Jiulize maswali matatu

Kabla ya kufungua boneti, kumbuka hali ilianzaje. Ikiwa ilianza mara baada ya kujaza mafuta, yashuku mafuta. Ikiwa ilianza baada ya mvua kubwa ya masika au baada ya kuosha injini, ushuku unyevu kwenye koili, waya na viunganishi vyake. Ikiwa ilikuja polepole kwa miezi, shuku plagi zilizochakaa, chujio la hewa lililoziba au nozeli chafu.

Usalama

Wakazi wa Morogoro hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi jinsi petroli inavyoua. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, na moto uliolipuka wakati watu wakichota petroli iliyomwagika uliwaua zaidi ya watu 100. Mvuke wa petroli hutambaa chini na hufuata moto usiouona. Kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto. Acha injini ipoe, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Usinyonye petroli kwa mdomo. Usishike waya wa plagi injini ikiwaka, kwa kuwa umeme wake hufikia maelfu ya volti.

Hatua za uchunguzi

1. Tazama kwa macho. Kagua waya zilizoliwa na panya, viunganishi vilivyolegea, mipira ya hewa iliyopasuka, na maji au oili iliyotuama kwenye mashimo ya plagi. Unyevu ukauke kwa kitambaa safi na hewa kabla ya kujaribu tena. Hitilafu nyingi huonekana katika hatua hii isiyogharimu kitu.

2. Itafute silinda yenye tatizo. Gereji nyingi mjini zina mashine ya kusomea hitilafu. Namba P0301 humaanisha silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Namba P0300 humaanisha kumisi hakuna silinda maalumu. Hapo shuku kitu kinachozihudumia silinda zote, kama mafuta yenyewe, pampu au hewa inayovuja. Omba uandikiwe namba hizo kwenye karatasi. Kama huna mashine na gari lako lina koili juu ya kila plagi, zima injini, chomoa kiunganishi kidogo cha koili moja, washa kwa sekunde chache usikilize, zima, kisha ukirudishe na uende kwa nyingine. Silinda nzima ikinyimwa cheche, injini hutetemeka zaidi. Silinda ambayo ikinyimwa cheche haileti badiliko lolote ndiyo mgonjwa wako.

3. Isome plagi. Injini ikiwa baridi, puliza vumbi, fungua plagi ya silinda hiyo kwa soketi yake na uitazame ncha. Kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi kwa sababu ya chujio la hewa lililoziba vumbi. Plagi iliyolowa petroli huonyesha kuwa cheche haikuruka. Plagi iliyolowa oili huonyesha kuwa oili inaingia ndani ya silinda, na kubadilisha plagi hakutaiponya injini hiyo. Ncha nyeupe iliyobabuka huonyesha joto la kupita kiasi. Linganisha pia na plagi ya silinda jirani.

4. Hamisha, usinunue. Chukua koili ya silinda inayomisi uibadilishane na ya silinda jirani. Tatizo likihamia kwa jirani, koili ni mbovu, nawe utanunua moja tu. Likibaki palepale, badilishana plagi na urudie. Likibaki tena, yawezekana chanzo ni nozeli, valvu au mgandamizo wa silinda, na hapo umwite fundi mwenye kipimo cha mgandamizo. Utamfikia ukiwa na maelezo kamili, na hatakuwa na sababu ya kukuuzia vipuri usivyovihitaji.

5. Rudisha kwa utaratibu. Anza kukaza plagi kwa mkono ili isivunje nyuzi za kichwa cha injini, kisha malizia kwa spana kwa kiasi. Upana wa mwanya wa plagi ufuate kitabu cha gari lako.

Pikipiki na kabureta milimani

Pikipiki nyingi za bodaboda zina silinda moja, hivyo hakuna jirani wa kubadilishana naye. Beba plagi moja nzima ya akiba. Maji yakiingia kwenye mafuta hukaa chini ya petroli, ndani ya bakuli la kabureta. Zima injini, iache ipoe, kisha legeza skrubu ya chini umwage mafuta hayo kwenye chupa ndogo ya kioo. Tabaka la maji litajitenga ulione.

Kimo nacho kina athari. Mji wa Morogoro upo takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Uluguru hupita mita 2,600. Hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta iliyorekebishwa mjini hupeleka mafuta mengi kupita kiasi huko juu, na plagi hujaa masizi. Kama unafanya kazi milimani siku zote, kabureta irekebishwe hukohuko. Magari yenye nozeli za kielektroniki hujirekebisha yenyewe.

Chanzo kikiwa ni mafuta

Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, injini huwaka kwa shida, hugonga mlimani na hutoa moshi. Ili kuukabili uchakachuaji huo, mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa sana ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Wakaguzi hupima vinasaba vituoni. Nyumbani, tone la petroli juu ya karatasi nyeupe litakupa fununu: petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Jaribio hili haliwi ushahidi, lakini linatosha kukufanya utoe taarifa.

Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia za vijijini haina risiti, na muuzaji wake hakaguliwi. Nunua kwenye kituo chenye leseni kila inapowezekana, udai risiti ya mashine ya kielektroniki na uitunze. Ukishuku mafuta, usiendelee kuendesha na usiyamwage yote. Andika tarehe, saa, kituo na namba ya pampu, kilalamikie kituo kwa maandishi, kisha upeleke taarifa EWURA. Kama lita ulizopewa ni pungufu, mlalamikie Wakala wa Vipimo.

Ukinunua kipuri, kichunguze kabla ya kulipa. Maandishi yaliyofifia, nyuzi zenye makwaruzo na ncha isiyokaa katikati ni dalili za plagi bandia. Taarifa za bidhaa bandia hupokewa na Tume ya Ushindani. Mwombe fundi akurudishie kipuri cha zamani alichokitoa. Pamoja na risiti na karatasi ya namba za hitilafu, hicho ndicho kitakachosimama nawe siku utakapodai haki yako.