Dondoo Muhimu: Afapo Mtetea Uliyempenda
Huzuni ya kumpoteza mtetea uliyemlea tangu kifaranga ni haki yako, ila isikughafilishe na haya:

• Mzoga usiliwe wala usitupwe jalalani. Uchome, au uuzike katika shimo refu wasilolifukua mbwa.

• Waliosalia, madhali ni wazima, wapewe chanjo ya kideri, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

• Usiwamwagie ndege wa mwituni nafaka karibu na banda, kwani maradhi huhama baina yao na kuku.

• Nafsi ikitaka faraja, keti kimya alfajiri chini ya mwembe, umtazame chozi akifyonza utamu wa ua la mgomba, na yangeyange akiwaandama ng'ombe kwa tamaa ya panzi wanaokurupushwa na kwato.