Mzee Apewe Kazi, Si Kiti Tu: Sanaa ya Mtaa Dhidi ya Ubaguzi wa Umri, Ijuganyondo

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa Kata ya Ijuganyondo katika Manispaa ya Bukoba, pamoja na jirani zetu wa Muleba. Kimeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa, walimu, viongozi wa vikundi, na kijana yeyote mwenye simu na bibi.

Dirishani

Bibi anafika kituo cha afya akisindikizwa na mjukuu. Mhudumu anamgeukia mjukuu: "Bibi anasumbuliwa na nini? Anakula? Dawa anameza?" Bibi yupo palepale, anasikia vizuri, akili timamu, na goti linalouma ni lake. Hakuna aliyemtukana. Dirisha la wazee lipo, na bango la kumpisha mzee lipo. Hata hivyo bibi anarudi nyumbani bila kuulizwa neno.

Huo ni ubaguzi wa umri, na mara nyingi huja umevaa vazi la huruma. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Ripoti hiyohiyo ilikumbusha kwamba vijana nao hubaguliwa. Hapa mtaani tunalijua hilo: kijana akinyoosha mkono kikaoni anaambiwa "watoto wa siku hizi", kisha anatumwa kubeba viti. Kwa upande mwingine, kikongwe mwenye macho mekundu ananong'onwa kuwa mchawi, wakati kila mmoja anajua ameinamia moshi wa kuni tangu usichana. Katika Kanda ya Ziwa minong'ono ya aina hiyo imeshaua watu.

Kizazi kilichokatika katikati

Kagera ina historia yake katika jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliwachukua watu wengi waliokuwa katika umri wa kuzaa na kulea. Bibi na babu wakaanza kulea upya. Shirika la Kwa Wazee, lililoanzia Nshamba, Muleba, mwaka 2003, lilianza kwa kuwapa pensheni ndogo wazee wa aina hiyo, na wajukuu wakanufaika pamoja nao.

Pensheni ilinunua chumvi na sabuni. Haikuweza kurudisha mtu wa katikati, yule ambaye angejifunza kupiga enanga, ala yetu ya nyuzi, kwa baba yake kisha amfundishe mwanawe. Ndiyo maana katika nyumba nyingi babu na mjukuu wanapendana sana, ila wakimaliza kula kila mmoja anakaa na lake: huyu redio, yule simu. Sanaa inaweza kuwapa kazi ya kufanya pamoja.

Wazee wa chuma

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya, waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, waifanye kazi hiyo tena. Ilikuwa imelala takriban nusu karne, tangu chuma cha dukani kilipoenea nchini. Wazee wakaelekeza: udongo wa kichuguu huu, matete ya kuchoma shimoni haya, makaa ya mti ule, mivukuto ikae hapa. Chuma kikatoka, na habari zake zikachapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Kabla ya hapo, masimulizi ya wazee ndiyo yaliyomwonyesha Schmidt mahali pa kuchimba kule Katuruka, na ardhi ikatoa ushahidi wa ufundi wa chuma wa karibu miaka 2,000.

Tukio hilo la 1976 halikuwa tamasha la sanaa, lakini funzo lake linatufaa. Wale wazee hawakualikwa kupigiwa makofi. Walihitajiwa, kwa sababu bila wao kazi isingefanyika. Shughuli nyingi za Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, zinakosea hapo: mzee anaketishwa mbele, anapewa soda na khanga, anasikiliza hotuba kuhusu yeye mwenyewe, jioni anarudishwa kwake.

Njia tatu za kuanzia

Igizo la kubadilishana nafasi. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda vijijini, kikiwamo kijiji cha Malya, kufanya sanaa za maonyesho na wanavijiji wenyewe: watu wachunguze tatizo lao, walitungie mchezo, wauonyeshe, kisha waujadili. Fanyeni hivyo kwa tukio la dirishani. Msichana wa sekondari acheze bibi, bibi acheze mhudumu. Mchezo ukifika kwenye swali "Bibi anakula?", usimamisheni, na mtazamaji yeyote aingie aonyeshe namna ya kumuuliza bibi mwenyewe. Tarajieni kicheko kikubwa, maana vikongwe wanajua kuwaigiza wahudumu kuliko mnavyodhani.

Enanga na simu. Enanga ni ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo na kufungwa nyuzi, na tendi zake ndefu zilimpa jina manju kama Habibu Selemani. Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza na kuziandika, lakini kitabu hakifundishi vidole. Kijana arekodi, mzee afafanue maneno magumu ya Kihaya, na asiye Mhaya atafsiriwe, kwa kuwa Ijuganyondo iko mjini na wakazi wake wametoka pande nyingi. Msihofu kuchanganya na midundo mipya. Wimbo wa Saida Karoli wa mwaka 2001, "Maria Salome", ulipofanywa upya na Diamond Platnumz na Rayvanny mwaka 2016, vijana wengi walirudi kuutafuta ule wa kwanza.

Ukuta wa mtaa. Ombeni ukuta wa shule au wa ofisi ya mtaa. Wazee wasimulie eneo lilivyokuwa: vibanja, njia, misonge, tetemeko la 10 Septemba 2016. Vijana wachore, na wazee wakosoe mchoro kabla rangi haijakauka.

Mambo yanayosahaulika

Nauli ya bodaboda ya mzee iwe kwenye bajeti, na kiti kiwe na egemeo. Anzeni saa tisa alasiri, mmalize kabla ya giza. Anayefundisha alipwe kama fundi mwingine. Kabla ya kurusha sauti au sura yake mtandaoni mwombeni ruhusa, na fedha ikipatikana naye apate sehemu yake. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wajue mapema. Afisa maendeleo ya jamii atasaidia kusajili kikundi.

Kuhusu mtaji, semeni ukweli kwa wanakikundi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina mafungu ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao, na kwa maoni yetu hilo ni pengo ambalo madiwani wanapaswa kulisemea. Kwa sasa, akina bibi wanaweza kuingia kupitia vikundi vya wanawake.

Jumamosi hii nenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwako, umuulize alikuwa fundi wa nini. Jina lake na ufundi wake vipeleke ofisi ya mtaa, orodha ianze kuandikwa.