Pete Angavu Isikudanganye: Kupima Mwani wa Antaktika

Umeletewa mwani mkavu kutoka Antaktika, na unatakiwa useme kama unazuia bakteria. Kazi yenyewe si ngumu. Ila mitego ni mingi.

Soma lebo kwanza, ndiyo itakayokuchagulia kiyeyushi. Ukikuta Desmarestia, huo ni mwani wa kahawia wenye florotanini. Tumia methanoli au asetoni iliyochanganywa na maji. Plocamium ni mwekundu, na kinga yake ni kemikali zenye klorini na bromini. Hizo zitoe kwa dikloromethani, na usizikaushe kwa moto mkali. Huruka upesi, ukabaki na chupa tupu.

Ukipata mwani mbichi, usugue kwa brashi laini chini ya maji safi ya chumvi. Bakteria walioushikilia nao hutengeneza dawa zao, na sifa zitaenda kusiko.

Sasa kisahani. Mwaga agari ya Mueller-Hinton (agari nayo imetokana na mwani mwekundu, kwa hiyo unapima mwani juu ya mwani). Pakaza bakteria wenye ukungu wa 0.5 McFarland, uweke vikaratasi vya mm 6 vyenye miligramu sawa za dawa uliyoitoa kwenye mwani. Acha kwenye nyuzi 35 kwa saa 18. Dawa ikizuia bakteria, utaona pete angavu kuzunguka kikaratasi. Hawa ni bakteria wa magonjwa, kwa hiyo msimamizi wa maabara awepo.

Usisahau kikaratasi chenye kiyeyushi peke yake. Mimi nilishawahi kushangilia pete nzuri kabisa, kumbe ni methanoli ambayo sikuiacha ikauke. Nilikuwa nimeshampigia simu kila mtu. Weka pia kikaratasi cha antibiotiki unayoijua, ili uhakikishe kipimo chenyewe kinafanya kazi.

Anza na Staphylococcus aureus. E. coli ana utando wa ziada wa nje na dawa nyingi humgonga zikarudi, kwa hiyo akigoma usitupe sampuli.

Usipoona pete, usikate tamaa bado. Molekuli kubwa husambaa kwa shida ndani ya agari. Hamia kwenye sahani ya visima 96, punguza dawa nusu kwa nusu, utafute kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria wasikue. Dawa ya mwani wa kahawia ni nyeusi kama chai ya rangi, macho hayataona ukungu. Tia resazurini: bluu ikigeuka waridi, bakteria wako hai. Lakini florotanini zinaweza kuigeuza zenyewe! Acha kisima kimoja chenye dawa bila bakteria, ulinganishe.

Pima kila kitu mara tatu, siku tofauti. Na unapoandika pete ya mm 9, sema kama umehesabu zile 6 za karatasi.