Jiko Dogo la Kupanga: Giza Haliondolewi kwa Wati

Barua nyingi zimetoka fleti za kupanga Dar es Salaam: jiko la hatua tatu, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Za mapazia nimeziweka kando. Nimejibu zilizoninyima usingizi.

Fundi, balbu ya jikoni ni wati 9 na nikikata vitunguu sioni vizuri. Niweke ya wati 30?

Hapana, dada. Hili nitalieleza mpaka lieleweke, maana madukani watu wanauziwa wati. Wati ni umeme unaoliwa na taa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na idadi yake huandikwa kwenye boksi. Balbu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na ile ya zamani ya wati 60, na kwa jiko lako inatosha. Tatizo ni pale uliposimama. Taa iko katikati ya dari, meza ya kukatia iko ukutani, nawe umeipa taa mgongo. Unakata vitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe! Weka wati 30, kivuli kitabaki palepale, na ukiinua macho utaumia. Mwanga utoke mbele yako: bandika utepe wa LED wa volti 12 chini ya kabati la juu, karibu na ukingo wa mbele. Huna kabati? Chini ya rafu ya ubao. Chagua mwanga wa kelvini 4,000. Ule wa 6,500 una ubluu, unaifanya nyama ya leo ionekane ya juzi.

Nimeziunganisha hizi: "Naweza kuuchomeka utepe moja kwa moja ukutani?" "Adapta inachemka." "Nimeunga kwenye waya wa taa ya dari kwa selotepu."

Utepe wa volti 12 ukiupa volti 230 unaungua hapohapo. Lazima adapta. Utepe wa wati 4.8 kwa mita, ukiwa mita 5, ni wati 24, yaani ampea 2 kamili. Adapta ya ampea 2 hapo haipumui, ndiyo maana inachemka. Nunua ya ampea 3. Ikae mbali na sinki, wala isiwe juu ya jiko la gesi. Utepe ukatwe penye alama ya mkasi tu.

Aliyeunga kwa selotepu azime swichi kubwa sasa hivi, aite fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana anayepita na testa mfukoni.

Utepe unabanduka.

Mafuta ya kukaangia. Osha kabati kwa maji ya moto na sabuni, likauke, pangusa kwa spiriti, ndipo ubandike.

Shemeji anasema taa hizi zinamaliza LUKU.

Shemeji apige hesabu. Wati 24 kwa saa 4 kila siku: uniti moja inakaribia siku kumi. Aiulize pasi na jagi la umeme.

Taa za rangi zinazobadilika?

Sebuleni. Jikoni nataka kuona kama kuku ameiva.

Ukuta nipake kahawia iliyokoza?

Utameza mwanga wote. Krimu, rangi ya mafuta, inayofutika.

Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

Basi usitoboe. Nunua rafu ya kusimama, utepe chini ya ubao wa juu, adapta kwenye soketi iliyopo. Ukihama, unabeba vyote.