Bustani ya Gunia: Mawe ya Katikati Ndiyo Yanayofikisha Maji

Familia isiyo na shamba inaweza kuchuma sukuma wiki, spinachi na dania mlangoni kwa kutumia gunia moja la kilo 90. Wengi wamejaribu wakakata tamaa: miche ya juu inastawi, ya ubavuni inakauka. Mara nyingi tatizo ni maji kutofika chini.

Dawa yake ni mawe. Mkulima huchanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha husimamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, akaujaza kokoto na kuuzungushia udongo. Mkebe huvutwa juu kidogo kidogo, kokoto zikibaki, hadi gunia lijae na nguzo ya mawe ifike juu. Maji humwagwa kwenye nguzo hiyo asubuhi au jioni, yakasambaa hadi chini. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi yaachwe.

Ubavuni hutobolewa matundu yanayopishana, yakiachana kama shubiri moja, na kila tundu hutiwa mche wa sukuma. Juu hupandwa dania au vitunguu. Majani ya chini huchumwa kwanza, kilele kikiachwa kiendelee kukua.

Gunia lililowahi kubeba dawa za wadudu lisitumike, hata likioshwa. Vidukari hujificha chini ya majani; wakiwa wachache huondolewa kwa vidole. Mwenye kuku naye azungushe wavu mapema.