Tembo Tamu Si Maziwa: Mtoto, Mnazi na Wajibu wa Mtu Mzima

Jua linapoelekea kutua katika vijiji vingi vya Kilifi, mgema hushuka mnazini na kotama yake na kibuyu kilichojaa. Chini ya mti mara nyingi huwa kuna watoto. Mmoja hupokea kibuyu, mwingine hutumwa kupeleka lita mbili kwa jirani, na kabla ya kuondoka huonjeshwa kidogo. "Ni tembo tamu tu," husema mkubwa aliyempa, na wote hucheka. Hakuna anayeona kuwa kosa limetendeka.

Mnazi una heshima yake miongoni mwa Wamijikenda. Hutumika katika mahari, mazishi na matambiko, na pesa zake zimelipia karo ya watoto wengi. Somo hili halipingi kazi ya mgema wala mila ya wazee. Linahusu jambo moja: mtoto hajinunulii kileo cha kwanza. Hupewa na mtu mzima anayemjua, na mara nyingi hupewa kwa mapenzi.

Kwa nini tembo tamu hulevya

Utomvu wa mnazi hutoka kwenye kole ukiwa na sukari nyingi. Unapodondoka kibuyuni hukutana na hamira ya asili iliyo hewani na iliyobaki ndani ya kibuyu tangu siku iliyotangulia. Hamira hiyo hula sukari na kuigeuza kuwa pombe. Kazi hiyo huanza mara moja, na joto la Pwani huiharakisha. Kibuyu kilichotegwa jioni na kuteremshwa asubuhi tayari kina pombe, hata kama ulimi unahisi utamu. Baada ya saa chache zaidi nguvu yake hukaribia au kupita ya bia.

Kwa hiyo utamu si kipimo. Mtoto wa miaka 8 anayepewa kikombe cha tembo tamu amepewa pombe.

Pombe katika mwili wa mtoto

Mwili wa mtoto ni mdogo na una maji machache kuliko wa mtu mzima, hivyo kiasi kile kile cha pombe humdhuru zaidi. Pombe pia huweza kushusha sukari katika damu ya mtoto kwa ghafla, hasa akiwa hajala, na hali hiyo huweza kumfanya apate degedege au apoteze fahamu.

Madhara mengine huchukua muda kuonekana. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Pombe inayoingia mapema huvuruga ukuaji huo, na kumbukumbu na umakini darasani hupungua. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kuwa miongoni mwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu watu 40 kati ya 100 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa karibu 10 kati ya 100. Nchini Kenya, utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulipata kuwa umri mdogo kabisa uliotajwa wa kuanza kunywa pombe ulikuwa miaka 7. Huyo ni mtoto wa shule ya msingi.

Hasara kwa jamii nzima

Mtoto aliyezoea kuonja kwao hupata njia rahisi ya kwenda mangweni. Akifika darasa la juu huanza kukosa shule siku za Jumatatu, kisha huacha kabisa. Katika disko matanga, ngoma za usiku zinazopigwa penye msiba, vijana wadogo hukutana na pombe bila mlezi karibu. Msichana aliyelewa ni rahisi kunajisiwa, na mimba hufuata. Akiendelea kunywa akiwa mjamzito, pombe humfikia mtoto tumboni na huweza kumzalia ulemavu wa akili usiotibika. Mvulana naye hupanda bodaboda akiwa amelewa, na ajali moja huziumiza familia mbili au tatu.

Gharama hiyo hulipwa na wote. Zahanati hutumia dawa na vitanda kwa majeruhi ambao wangeepukika. Shule hubaki na madawati matupu. Wazee hubaki wakilea wajukuu kwa sababu kijana aliyetarajiwa kuwategemeza hawezi kukamilisha kazi ya siku moja.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18, na pombe ya kienyeji imo. Mwenye leseni akimruhusu mtoto kuingia mahali kileo kinapotengenezwa, kinapowekwa au kinaponywewa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 150,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au adhabu zote mbili. Baa haitakiwi kuwa chini ya mita 300 kutoka shuleni. Pombe ya kuuzwa katika vifuko vidogo, ambayo mwanafunzi angeificha mfukoni kwa urahisi, imepigwa marufuku.

Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti. Mkazi ana haki ya kupinga ombi la leseni ya baa inayokusudiwa kufunguliwa karibu na shule, na pingamizi hilo huwa na nguvu likiletwa mapema, kabla leseni haijatolewa.

Hatua za kuchukua nyumbani na kijijini

Mgema na muuzaji: mtoto asitumwe kubeba, kupima wala kuuza mnazi. Anayekuja kununua na umri wake unatiliwa shaka aombwe kitambulisho.

Mzazi: mtoto asionjeshwe, hata kidogo, hata sikukuu. Mabaki ya vikombe yamwagwe baada ya sherehe, na kibuyu kiwekwe mbali na mikono ya watoto.

Wenye msiba: vijana wadogo warudi makwao kabla ya giza, na mtu mzima mmoja apewe jukumu la kuhakikisha hilo.

Mwalimu na jirani: mtoto anayesinzia darasani au anayenuka pombe aulizwe kwa upole alipoipata. Swali "Nani alikupa?" lina faida kuliko kiboko, kwa sababu humfikisha mwulizaji kwa mtu mzima anayehusika.

Mtoto akilewa

Dalili za hatari ni kutapika mfululizo, mwili kuwa baridi, kupumua polepole na kutoamka anapoitwa. Alazwe kwa ubavu ili asisongwe na matapishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja. Asilazimishwe kutapika, na asipewe kahawa wala kumwagiwa maji baridi. Akilalamika kuwa macho hayaoni vizuri, huenda amekunywa pombe yenye sumu. Kungoja asubuhi kunaweza kumpofusha au kumuua.

Ushauri kuhusu uraibu hupatikana bila malipo kwa simu ya NACADA, nambari 1192. Mtoto anayedhulumiwa, au anayemjua mtoto huyo, anaweza kupiga 116 bila malipo.

Maswali ya kujadiliwa barazani

1. Katika kijiji hiki, watoto hupata pombe wapi kwanza: nyumbani, mangweni au kwenye sherehe?
2. Ni nani hutumwa kununua mnazi, na ni nani mwingine angeweza kwenda?
3. Mgema anayetegemea kazi hii kulisha watoto wake atasaidiwaje kuifanya bila kuwahusisha?

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kikombe cha kwanza kiko mkononi mwa mtu mzima, na yeye ndiye anayeweza kukizuia.