SOMO LA AFYA: Kinywa na Damu



Hapa Sofu tumezoea kutafuta upungufu wa damu viganjani na ndani ya kope. Mtu akipauka, akahema kwa kubeba ndoo moja tu, twasema, "Huyu hana damu." Ni mara chache tunamwambia afungue kinywa. Leo twataka kukitazama hicho kinywa, kwa sababu chaweza kuharibiwa na upungufu wa damu, nacho kikiugua muda mrefu chaweza kuuongeza.

Tuanze na ulimi. Ngozi laini ya ulimi na ya mashavu ndani hujifanya upya upesi sana, na kwa kazi hiyo huhitaji madini ya chuma, folati na vitamini B12. Vitu hivyo vikipungua, ulimi hupoteza ukwaru wake, ukawa laini na kuwaka mtu alapo pilipili au ndimu. Pembe za midomo hupasuka. Vidonda vidogo vyaja, vyapona, vyarudi tena. Si kila mpasuko una maana hiyo, maana hata ukungu wa kinywani huuleta. Lakini anayepaka mafuta mwezi hadi mwezi bila kupona, yafaa apimwe damu.

Sasa upande wa pili, ambao wengi hawaujui. Ukoga usiposafishwa hugeuka ugaga mgumu, fizi zikavimba, zikatoka damu na usaha, na mwishowe meno yakalegea. Msidhani kwamba ile damu inayoonekana kwenye mswaki ndiyo inayommaliza mtu. Hiyo ni kidogo. Jambo lenyewe limo ndani zaidi. Mwili unapopigana na wadudu kwa miezi na miaka, ini hutoa kitu kiitwacho hepsidini, ambacho wataalamu walikitambua kwenye mwaka 2000 na 2001. Hepsidini hufunga madini ya chuma ghalani, kwani wadudu nao huyataka ili waongezeke. Ni ulinzi mzuri kwa siku chache. Vita isipokwisha, ghala hubaki limefungwa, na mifupa inayotengeneza damu hukaa na njaa ilhali chakula kimo nyumbani. Tena hepsidini huzuia hata chuma cha chakula na cha vidonge kisipite vizuri tumboni.

Hapo ndipo tunapomwelewa mama anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa uaminifu, na bado kipimo hakipandi. Majirani humsema kwamba anavitupa. Kabla ya kumlaumu, na aulizwe: fizi zako zikoje? Kuna homa isiyokwisha? Kuna kidonda cha siku nyingi?

Lakini tuseme kweli, tusije tukawapotosha. Fizi peke yake kwa kawaida hushusha damu kidogo tu. Mkoani Pwani wenye kosa kubwa ni malaria, minyoo ya safura, chakula haba, selimundu, na uzazi wa karibu karibu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16, watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49. Mtu aliyekwisha kulemewa na mzigo namna hiyo, hata kijiti kimoja juu yake ni kizito.

Wajawazito wajihadhari zaidi, maana mimba yenyewe hufanya fizi zivimbe upesi, na wengine huacha mswaki kwa kuogopa damu. Wasiuache, watumie ulio laini. Na ule udongo unaouzwa sokoni, ambao wengi hutamani kuutafuna, mara nyingi hiyo hamu ni dalili ya kukosa chuma, na udongo wenyewe hukizuia.

Jambo jingine latuumiza. Tangu miaka ya 1980 watu nchini wamekuwa wakisema juu ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, hupelekwa achanwe ufizi. Kinachong'olewa ni jino lake halisi ambalo halijaota. Mtoto hupoteza damu ambayo hana ya kutosha, na kidonda huingiwa na wadudu. Mtoto huyo apelekwe hospitali.

Kwa chakula hatuko maskini. Tuna kisamvu, mchicha, dagaa na maharage, na kwa mwenye uwezo, maini. Msimu wa korosho, watoto na wale mabibo pamoja na mboga zao, maana yana vitamini C nyingi inayosaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Nje ya msimu, chungwa au embe. Chai ingoje saa moja baada ya chakula.

Hospitali ya Tumbi, iliyokua kutoka kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordiki ulioanza Kibaha mwaka 1963, si mbali nasi. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, au mwanamume chini ya 13, aeleze pia habari za kinywa chake, na aliyekwenda kwa daktari wa meno aseme kama huchoka. Wala asikate tamaa baada ya wiki mbili: chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, na damu hujengwa polepole.